Somo: Kuchagua ordinatere ya kooperative wakati hamujue mambo ya ordinatere



Mara mingi katika kurasa hizi tunafundishana juu ya mbegu, mbolea na magonjwa ya kahawa. Leo somo letu ni juu ya kitu chenye hakiote shambani: ordinatere ya kubeba, ile yenye watu wengi wanaita tu masini. Tunaandika somo hili kwa sababu kooperative nyingi zimetuuliza ulizo moja: «Tuko na feza kidogo ya kununua masini. Tununue ya namna gani?» Tunaliandika pia kwa sababu sisi wenyewe tulikosea mara moja, na kosa letu lililipiwa na walimaji.

Tuseme ukweli tangu mwanzo: sisi ni maagronome. Shuleni tulisoma udongo, mimea na wadudu. Ordinatere tulijifunza njiani, sawa ninyi. Kwa hiyo hatutawapa maneno makubwa ya wale wenye walisomea kazi hiyo. Tutawapa maulizo ya kuuliza na mambo ya kupima kwa macho na kwa mikono yenu, sawa vile munapima ngombe sokoni. Hakuna mutu ananunua ngombe juu ya rangi yake. Anafungua kinywa, anaangalia meno, anaitembeza kidogo. Masini nayo iko na meno yake.

KOSA LETU

Kulikuwa kooperative moja ya kahawa kandokando ya ziwa Kivu, yenye memba zaidi ya mia tatu. Walikuwa wanaandika kila kitu katika daftari. Mbele ya musimu, komite ikaomba tuwasindikize muji kununua masini. Katika duka moja tukaona masini mupya, nyembamba, nyepesi, ndani ya karto yake, na bei ilikuwa chini sana kuliko zingine. Tukafurahi. Sisi njo tulisema: «Chukueni hii.»

Masini ile ilikuwa na diski ya giga 32 tu. Hatukuangalia. Wakati Windows yenyewe ilikwisha kukaa ndani, nafasi yenye ilibakia ilikuwa kidogo sana. Kisha miezi mbili masini ilianza kukaa dakika kumi mbele ya kufunguka. Katikati ya mavuno ikakataa kabisa. Ndani yake kulikuwa hesabu ya serize zenye walimaji walileta kwa majuma saba, na hesabu hiyo haikuwa fasi ingine yoyote.

Wakati wa malipo ya pili ulikuwa unakaribia. Sekretere na watu wa vituo vya kupokelea wakakusanya vipande vya karatasi vyenye walimaji walipewa wakati wa kupima, na tukaandika upya usiku tatu. Lakini kuna watu walikuwa wamepoteza vipande vyao. Mama mumoja mwenye umri mukubwa alisimama katika mukutano akasema: «Agronome, mimi nilileta serize zangu kwa mugongo, siyo kwa masini. Sasa masini njo inasema sikuleta?» Hatukuwa na jibu. Majirani walishuhudia kwa ajili yake, akalipwa. Lakini kwa muda murefu watu wengine waliendelea kuwaza kama komite imekula feza na kutafuta sababu katika masini.

Tangu siku ile tunajua: ordinatere ya kooperative siyo pambo la biro. Ndani yake munaweka jasho la watu. Basi tuichague kwa heshima hiyo.

1. KWANZA JIULIZENI KAMA MUNAIHITAJI

Kooperative ndogo yenye memba makumi tatu ao makumi ine, na yenye kuuza mara mbili kwa mwaka, inaweza kuendelea vizuri na daftari yenye kuandikwa safi na kalkulatere. Hakuna haya ndani yake. Kuna kazi zingine zenye telefone ya Android inafanya vizuri kuliko ordinatere: kupiga picha ya jani lenye ugonjwa, kutuma habari, kupima fasi ya shamba kwa GPS. Programu kama KoboCollect inafanya kazi ndani ya telefone hata bila intaneti, na munatuma habari wakati munafika penye reso iko.

Lakini kuna wakati daftari inashindwa. Ni wakati memba wamekuwa wengi, na munapaswa kujua kila mumoja alileta kilo ngapi, alilipwa ngapi, alibakiza deni gani. Ni wakati munatafuta certifika ya kahawa ya bio, na wakaguzi wanaomba liste ya walimaji wote pamoja na mashamba yao. Tena, sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka wa 2023 juu ya ukataji wa misitu inaomba kila shamba la kahawa ao la kakao lijulikane fasi yake kwa namba za GPS. Kwa shamba la hektari 4 ao chini, nukta moja inatosha, lakini kwa lile lenye kupita hektari 4, inaomba muzunguko muzima wa shamba. Tarehe ya kuanza kuifuata imesogezwa mbele zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wengi wanaanza kuomba habari hizo. Na sheria ya OHADA juu ya kooperative, yenye Kongo inafuata tangu iliingia katika OHADA mwaka wa 2012, inaomba rejista ya memba itunzwe kwenye kiti cha kooperative.

Kama munajikuta katika mambo hayo, masini itawasaidia. Kama hapana, ngojeni. Feza ile inaweza kununua hema ya kuanikia kahawa.

2. ANDIKENI KAZI MBELE YA KUULIZA BEI

Mulimaji mwenye akili hachague mbegu kwa picha yenye kuwa ku mufuko. Anauliza: udongo wangu uko namna gani? Mvua yangu? Nitauza wapi? Vilevile, mbele ya kwenda muji, komite ikae saa moja na kuandika kwenye karatasi:

– Kazi gani masini itafanya? (Liste ya memba, hesabu, barua, rapori, kutuma barua za mail.)
– Nani ataitumia, na anajua nini leo?
– Itakaa wapi, na umeme utatoka wapi?
– Itatembea kwa moto ao itabaki biro?
– Tuko na feza ngapi yote pamoja?

Kwa kazi za kooperative yetu ya kawaida, jibu ni lile lile karibu kila fasi: meza za hesabu, barua, kuprinta, intaneti kidogo. Hizo ni kazi nyepesi. Liste ya memba 500 pamoja na hesabu ya serize ya musimu muzima inachukua nafasi ndogo kuliko picha chache za telefone. Kwa hiyo muuzaji akiwaambia munahitaji masini ya nguvu sana ya kuchezea michezo ao ya kutengenezea filme, mumushukuru na kupita. Anauza trakta kwa mutu mwenye shamba la ari tano.

Juu ya feza: musimalize yote katika masini yenyewe. Kati ya kila dola tano, mubakishe moja. Hiyo itanunua mufuko muzuri, flashi mbili, na kitu cha kulinda umeme. Kooperative yenye inanunua masini ya bei kali kisha inaibeba ndani ya mufuko wa unga, imeanza vibaya.

3. MAMBO TATU YA NDANI YENYE MUNAPASWA KUJUA

Muuzaji ataonyesha kioo chenye kungaa na rangi ya inje. Ninyi muulize mambo tatu tu.

Memwari, yenye wauzaji wanaita RAM. Iwaze sawa meza ya kazi ya sekretere. Meza ikiwa ndogo, hawezi kufungua daftari mbili kwa mara moja. Kila mara anapaswa kurudisha moja ndani ya kabati mbele ya kutosha ingine. Leo mutafute giga 8. Giga 4 ndiyo kiasi cha chini chenye Windows 11 inaomba, lakini nayo kazi inaenda polepole na sekretere anachoka. Muulize pia kama inawezekana kuongeza memwari kisha; kuna masini zenye memwari imegandishwa ndani, haiongezeke.

Diski. Hii ni kabati penye vitu vinatunzwa. Kuna namna mbili kubwa. Ya zamani, HDD, iko na sahani yenye inazunguka ndani, sawa sahani ya muziki. Ya leo, SSD, haina kitu chenye kinazunguka. Kwa sisi wenye kusafiri kwa moto katika barabara za mashimo, tofauti hii ni kubwa: diski yenye kuzunguka inaogopa kutikisika na kuanguka, SSD inavumilia zaidi, tena inafungua masini haraka na inakula umeme kidogo. Chukueni SSD ya giga 256. Inatosha kabisa. Na mukimbie zile za giga 32. Hizo njo zilituponza. Windows 11 peke yake inaomba angalau giga 64 za nafasi.

Prosesere. Hii ni kichwa chenye kufikiri. Musikie tu jina «Core i5» na kufurahi, kwa sababu kuna Core i5 ya zamani sana na ya leo. Angalieni namba yenye kufuata kistari. Katika i5-6300U, ile 6 inaonyesha kizazi cha sita. Katika i5-8250U, ni kizazi cha nane. Katika i5-1135G7, ni kizazi cha kumi na moja. Kwa masini zenye prosesere ya Intel, Windows 11 inakubali tangu kizazi cha nane. Kwa nini hiyo ni ya maana? Kwa sababu Microsoft ilikomesha musaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Masini yenye haiwezi kupanda kwa Windows 11 inaendelea kuwaka, lakini inabaki nyuma katika kulindwa, sawa kuku wenye hawapate tena chanjo. Core i3 ya kizazi cha leo inatosha kwa hesabu za kooperative. Celeron ya bei ya chini, tunawashauri muiache.

Namna ya kuhakikisha bila kutegemea kinywa cha muuzaji: masini ikiwa imewaka, bonyezeni pamoja Ctrl, Shift na Esc. Dirisha litafunguka. Tafuteni kipande cha Performances. Pale mutasoma jina la prosesere, giga za memwari, na kama diski ni SSD ao HDD. Haiombe kujua kitu kingine. Mukinakili mustari huu ku karatasi, hata mutu mwenye hajagusa masini hata siku moja anaweza kupima.

4. UMEME: HAPA NJO WENGI WANAANGUKA

Watu wengine wanatuuliza: kwa nini siyo ordinatere kubwa ya meza, yenye bei ndogo? Kwa sababu ile haina batri. Umeme ukikatika, inazima papo hapo, na kazi yenye haikutunzwa inapotea. Tena pamoja na kioo chake inaweza kula wati 60 mpaka 100 na zaidi. Ile ya kubeba, kwa kazi za barua na hesabu, mara mingi inakula kati ya wati 10 na 20.

Fanyeni hesabu hii mbele ya kununua. Tuseme masini inakula wati 15, na sekretere anafanya kazi saa 4 kwa siku. 15 mara 4 ni wati-saa 60. Konvertisere, ile yenye kugeuza umeme wa batri ya volti 12 kuwa wa volti 220, nayo inakula sehemu yake. Ongezeni robo, munafika 75. Plaki ya jua ya wati 50, kwa siku yenye jua nzuri ya saa 4, inaweza kutoa karibu wati-saa 200. Inatosha, na inabakia ya kushariji telefone. Lakini wakati wa mvua inaweza kushuka chini ya nusu. Kwa hiyo msipange taa kumi na televizyo juu ya plaki ile ile, halafu mukashangaa masini inazima.

Kama munatumia grupe ya esansi ao umeme wenye kupanda na kushuka, nunueni kifaa cha kulinda umeme. Muchomoe sharjere wakati radi inapiga. Na musiwashe grupe kwanza na masini ikiwa ndani: washeni grupe, ngojeni itulie, kisha muchomeke.

5. MUPYA AO OKAZIO?

Masini ya okazio ni ile yenye mutu mwingine alikwisha kuitumia. Nyingi zinatoka katika makampuni ya Ulaya ao zinapitia Dubai. Msizizarau. Masini yenye ilitengenezwa kwa ajili ya kazi ya biro, hata kama iko na miaka mine, mara mingi iko na nguvu na inavumilia kuliko mupya ya bei ya chini sana. Ni sawa jembe: lile la chuma kizuri lenye limetumika kidogo linashinda jipya lenye kupinda.

Lakini okazio iko na hatari tatu.

Ya kwanza ni batri yenye kuchoka. Ombeni masini ijae mpaka 100. Muchomoe sharjere, mufungue filme, muzungumuze na muuzaji juu ya bei kwa nusu saa. Kama imeshuka chini ya 60, batri ni muzee. Kuna pia njia ya kusoma umri wake: fungueni dirisha la amri kwa kuandika cmd katika fasi ya kutafutia, kisha muandike powercfg /batteryreport. Masini inatengeneza karatasi yenye inaonyesha batri ilizaliwa na nguvu ngapi na leo iko na ngapi. Kama ilizaliwa na 50 000 na leo inabakia 22 000, mujue munanunua chini ya nusu ya batri. Siyo lazima kuiacha. Lakini bei ishuke kwa kiasi cha batri mupya, na muhakikishe batri hiyo inapatikana muji.

Ya pili ni masini yenye kufungwa. Kuna masini zenye kampuni iliweka neno la siri ndani kabisa, ao zenye ziliibiwa. Ombeni muuzaji aizime, aiwashe, na abonyeze F2, F10 ao Delete, kufuatana na aina yake, kusudi aingie katika mipangilio ya ndani. Ikiomba neno la siri na muuzaji halijue, muondoke. Na kama wakati wa kuwaka inaonyesha jina la kampuni fulani na kuomba anwani ya mail ya kampuni hiyo, muondoke vilevile, hata kama bei inavuta.

Ya tatu ni klavye. Sisi wenye tulijifunza kuandika Kifaransa tulizoea AZERTY. Masini za Uingereza na nyingi za Dubai ziko na QWERTY, bila é na è. Inawezekana kubadilisha ndani ya masini na kubandika vikaratasi juu ya vibonyezo, lakini muulize kwanza sekretere kama atazoea. Yeye njo ataandika, siyo prezida.

6. DUKANI: PIMENI KWA MUPANGO HUU

Musiende mutu mumoja. Nendeni watatu: sekretere, mutunza feza, na kijana mumoja mwenye anajua kidogo. Na musiende saa kumi na moja ya mangaribi wakati mutu wa moto anawaita. Fanyeni hivi:

– Angalieni kioo chote kikiwa na rangi nyeupe, kisha nyeusi. Tafuteni mistari na nukta zenye haziwake.
– Fungeni na mufungue mara tano. Bawaba isilegee, kioo kisizime.
– Andikeni herufi zote za klavye, moja moja.
– Chomekeni flashi katika kila tundu la USB.
– Pigeni muziki, musikilize. Fungueni kamera.
– Ungeni intaneti kwa telefone yenu. Telefone inaweza kugawanyia masini reso yake. Haiombe kununua modeme.
– Tikiseni kidogo uzi wa sharjere. Kama masini inaacha kushariji, tundu imelegea.
– Iacheni iwake saa nzima. Ikichemka sawa sufuria ya fufu, muiache.

Kisha muombe fakitire yenye jina la kooperative, siyo jina la prezida. Iandikwe aina ya masini, namba yake ya siri yenye kuwa chini, giga za memwari na za diski, na garanti ni ya siku ngapi. Garanti ya kinywa ni upepo.

7. PROGRAMU: MUSINUNUE VIRUSI KWA FEZA YENU

Muuzaji mara mingi anasema: «Nitawawekea programu zote bure.» Programu zenye kuvunjwa kufuli mara mingi zinaleta virusi ndani yake, na virusi inaweza kufunga hesabu zenu zote. Kama hamuna feza ya kulipia Microsoft Office, tumieni LibreOffice. Ni ya bure kwa haki, inafanya meza za hesabu na barua, na inafungua fishie za Excel. Windows yenyewe iko na mulinzi wake wa virusi ndani. Inatosha kama munaiacha ikisasishwa na kama hamuchomeke flashi ya kila mupita njia.

8. KISHA KUNUNUA: MASINI NI YA NANI?

Hapa somo linaacha ufundi na kuingia katika mioyo. Tumeona masini nzuri zenye ziliharibika, siyo juu ya diski, lakini juu ya kukaa nyumbani kwa mukubwa fulani na kuonyeshea watoto filme. Siku ya uchaguzi wa komite mupya, masini haikurudi.

Kwa hiyo, siku yenye inafika, iandikeni katika rejista ya mali ya kooperative. Mupange nani anaitunza na nani ako na neno la siri. Liwe kwa watu wawili, kusudi mumoja akigonjwa ao akisafiri, kazi isikufe. Muweke daftari ya kutia saini kila mara yenye masini inatoka biro. Ndani yake kuna majina, telefone na feza za watu. Siyo kitu cha kuazimia jirani.

Na jambo la mwisho, lenye tulijifunza kwa haya: nakala. Hesabu ya walimaji ikae fasi tatu. Moja ndani ya masini. Ya pili ndani ya flashi yenye haikae nyumba moja na masini, kwa sababu moto na mwizi wanachukua vyote viwili kwa mara moja. Ya tatu ku karatasi: daftari ya kituo na kipande cha mulimaji. Chagueni siku moja ya juma, kwa mufano siku ya soko, na kila juma sekretere anakili ku flashi, kisha anaifungua flashi ile kuhakikisha fishie inasomeka. Nakala yenye haijafunguliwa ni sawa mbegu yenye haijajaribiwa kuota: munaiamini tu.

Msitupe daftari kwa sababu masini imefika. Katika kooperative ile ya kandokando ya ziwa, karatasi njo iliokoa watu.

MAULIZO YA KUZUNGUMUZIA KATIKA MUKUTANO

1. Kama daftari yetu ya hesabu inaungua usiku wa leo, tutajuaje kila memba alileta kilo ngapi?
2. Kazi gani tatu zenye zinatupotezea muda na zenye masini inaweza kupunguza? Kazi gani zenye telefone inatosha?
3. Umeme wetu unatoka wapi, na wakati wa mvua unabakia wati-saa ngapi?
4. Nani kati ya vijana wetu, wasichana na wavulana, anaweza kujifunza pamoja na sekretere kusudi asibaki peke yake?
5. Masini ikivunjika katikati ya mavuno, tutaendelea namna gani siku yenye kufuata?

Kama komite yenu inaweza kujibu ulizo la kwanza na la tano bila kuangaliana, muko tayari kununua. Kama bado, anzeni na daftari, masini itangoja.

Ile kooperative ya ziwa ilinunua masini ingine kisha musimu. Ni okazio, nzito kidogo, rangi imekwaruzika pembeni, lakini iko na giga 8 na SSD. Kila siku ya soko, sekretere anachukua flashi na kuipeleka kwa yule mama mwenye alituuliza ulizo. Wanamemba wenyewe njo walimuchagua kuitunza. Anaifunga ndani ya kitambaa, anaiweka ndani ya sanduku pamoja na mbegu zake.